Tumbo linajaa, tumbo linashuka, na mama mkwe anahesabu miezi

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, fundi cherehani hapa Morogoro. Nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka 6. Huu ni mwaka wa pili tunatafuta mtoto mwingine bila mafanikio.

Kinachonisumbua ni tumbo la chini. Zikibaki siku kama kumi niingie kwenye siku zangu, chini ya kitovu panaanza kujaa na kukaza kama ngoma. Choo kinakuwa kigumu, naweza kumaliza siku tatu bila kwenda. Gesi inazunguka tu, haina pa kutokea. Sketi niliyojishonea mwenyewe haifungi zipu. Kwa kuwa tepu iko shingoni mwangu kutwa, nikaanza kujipima vidole viwili chini ya kitovu. Siku za kawaida nilikuwa inchi 33. Siku hizo nafika 35, mwezi mmoja nilifika 35 na nusu. Damu ikianza kutoka, siku ya kwanza tumbo linakata, nakimbilia chooni mara tatu au nne na choo ni chepesi. Ikifika siku ya tatu limeshashuka.

Wateja wananipa hongera, hao nimewazoea. Anayeniumiza ni mama mkwe, maana yeye ana nia njema. Akiona nguo zimenibana anaanza kunikataza kuinua ndoo, anamwambia mume wangu anisaidie kupika, na mwezi wa 7 alileta doti ya kanga "ya mgeni". Halafu damu inakuja, na nyumba nzima inanyamaza.

Jirani anasema ni chango la uzazi. Alinipeleka kwa mama mmoja anayeuza dawa, naye hata sijamaliza kueleza akasema kizazi changu kimejaa uchafu, ndiyo maana mimba haishiki. Akaniuzia chupa ya kunywa na vifurushi vidogo vya kuweka ukeni, elfu 45 vyote. Ya kunywa iliniharisha siku mbili mpaka nikashindwa kukaa kwenye cherehani. Vifurushi bado viko kabatini, naviogopa. Duka la dawa nako nikapewa vidonge vya kutoa maji mwilini, nikameza vitatu.

Chakula changu ni cha kawaida: asubuhi chai ya maziwa na maandazi, mchana wali maharage wa mama ntilie, au chipsi na soda kazi zikibana. Nakaa kwenye cherehani kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 1 usiku.

Sijui kama hili linahusu, lakini tangu mwezi wa 4 damu imekuwa nyingi, inatoka na mabonge, na siku mbili za mwanzo nabadilisha pedi kila baada ya saa moja na nusu. Usiku naamka kukojoa mara mbili, tatu. Na tepu hairudi tena 33, inaishia 34. Nadhani nimenenepa, ingawa mikono na mapaja ni vilevile. Halafu nimerudia kula udongo wa pemba kama nilivyokuwa na mimba ya binti yangu.

Je, ni chango? Niviweke vile vifurushi?

Fundi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Usiviweke. Vitoe kabatini leo na uvitupe mahali ambapo binti yako hatavifikia. Vile vidonge vya kutoa maji navyo, kama vimebaki, usimeze tena. Nimeanza na haya kwa sababu mengine yanaweza kungoja usome taratibu, haya hayangoji.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari chini ya namba zako za tepu. Miaka 28 nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya akina mama. Wanawake wengi waliniambia tumbo linajaa. Wachache sana waliweza kuniambia linajaa lini, linashuka lini, na kwa kiasi gani. Wewe umepima, na namba zako zimesema jambo ambalo hata wewe hukulisikia: una matumbo mawili ndani ya tumbo moja. Liko linalotoka 33 kwenda 35 na kurudi. Na liko lililotoka 33 likafika 34 likakataa kurudi. La kwanza nitakueleza mpaka likutoke moyoni. La pili nataka ulipeleke hospitali.

Tuanze na hili linaloenda na kurudi.

Siku damu inapoanza kutoka ndiyo siku ya 1 ya mzunguko. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya damu inayofuata, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanahesabu siku 14 kutoka mwanzo. Yai likishatoka, kile kifuko lilimokuwa kinageuka na kuanza kutengeneza homoni iitwayo projesteroni. Kazi yake ni kukiandaa kizazi kupokea mimba, na sehemu ya kazi hiyo ni kuituliza misuli ya kizazi isikaze ikamtoa mgeni. Sasa utumbo ni jirani wa kizazi, na misuli yake ni ya aina ileile. Homoni inapita kwenye damu, haichagui nyumba ya kuingia. Utumbo nao unalegea. Chakula kinatembea polepole, maji yake yanafyonzwa, choo kinakauka, na bakteria wa tumboni wanapata muda mrefu wa kuchachua mabaki na kutengeneza gesi. Hizo ndizo siku zako kumi. Pamoja na hayo, mwili katika kipindi hicho huwa unashika maji na chumvi zaidi, ndiyo maana wengine matiti yanauma na pete zinabana.

Mimba isiposhika, kile kifuko kinanyauka, projesteroni inashuka, na ukuta wa kizazi unatoa kemikali ziitwazo prostaglandini zinazokifanya kijikaze ili damu itoke. Nazo zinamfikia jirani. Utumbo uliokuwa umelala zaidi ya wiki unaamshwa ghafla, nawe unashika njia ya chooni mara nne. Hukula kitu kibaya, wala si minyoo. Kuna wanawake waliofuatiliwa Kanada kwa mwaka mzima, kila siku wakiandika jinsi wanavyohisi kuvimba. Ilionekana kuvimba kunafika kileleni siku ya kwanza ya damu, kisha kunapungua. Tepu yako imeona hivyohivyo bila maabara.

Na hapa nikuambie jambo la kukufaa wewe unayetafuta mtoto. Yai likitoka linaishi takriban siku moja tu. Mbegu za mwanaume zinaweza kulisubiri hadi siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni zile tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe linapotoka. Tumbo likishaanza kujaa kwa mtindo wako, kuna uwezekano mkubwa yai limeshapita. Alama ya kuifuata inakuja mapema zaidi: ule ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi la kuku. Ukiuona, usingoje kesho.

Kuhusu chango. Sitawadharau bibi zetu waliolipa jina hilo, kwa sababu maumivu waliyokuwa wanayaona ni ya kweli, na enzi zao hakukuwa na kipimo cha kuangalia ndani. Lakini jina hilo moja limebeba mambo mengi mno: maumivu ya kawaida ya hedhi, uvimbe, maambukizi, kuta za kizazi kuota mahali pasipo pake, hata choo kigumu. Anayekuambia ni chango hajakuambia unaumwa nini. Na anayekuambia kizazi kimejaa uchafu, mwanangu, amekudanganya. Damu ya hedhi si uchafu. Ni utando uliojengwa kwa ajili ya mimba, mimba haikuja, mwili ukauondoa wenyewe, na mwezi unaofuata utajenga mwingine. Uke nao unajisafisha. Una bakteria wake wema wanaozuia wabaya wasikae. Ukiingiza unga wa mizizi, ndimu, shabu au vifurushi kama vyako, unawaua walinzi na kuchubua ngozi laini. Yale majimaji na vipande vinavyotoka baadaye, ambavyo muuzaji anakuonyesha akisema "unaona uchafu huo?", ni ngozi iliyoungua na mabaki ya dawa yenyewe. Nimewahudumia wanawake waliokuja wakitembea kwa shida kwa sababu hiyo. Linaniuma kila mara, maana wengi wao walikuwa kama wewe, wanatafuta mtoto, na maambukizi yakipanda juu mirija inaweza kuziba.

Ile ya kunywa ilikuharisha kwa sababu imetengenezwa iharishe. Na vidonge vya kutoa maji vinatoa maji pamoja na potasiamu ambayo moyo unaitegemea, havitoi gesi, tena vinakiacha choo kikavu zaidi. Ni dawa za watu wenye shida ya moyo, figo au presha, chini ya daktari.

Sasa chakula. Sitakupa orodha ya kukufanya uogope sahani yako. Nitazame tu mchana wako. Maharage yana aina ya sukari ambayo utumbo wetu hauwezi kuisaga, inafika chini nzima na bakteria wanaichachua. Ukiyaloweka usiku kucha na kuyamwaga yale maji kabla ya kuyachemsha, sehemu ya sukari hiyo inaondoka nayo. Mama ntilie mara nyingi hana muda huo. Anaweka magadi yaive haraka, na magadi ni sodiamu, yaani ndugu wa chumvi. Ongeza chumvi ya chipsi na vile vidonge vya mchuzi, mwili ambao tayari unashika maji unapata sababu ya kushika zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa na ile iliyojificha kwenye chakula. Soda nayo unaimeza gesi yenyewe. Zile siku kumi, beba chakula chako cha nyumbani. Papai, mboga za majani, ugali wa dona badala ya sembe, ila uongeze kidogokidogo na maji ya kutosha, ukikurupuka na makapi mengi siku moja gesi itazidi. Maziwa ya chai yajaribu kuyaacha wiki mbili uone, kwani watu wazima wengi kwetu hawana tena kimeng'enya cha kuyasaga. Mtindi una nafuu. Na dagaa wa kuliwa mzima na mifupa yake wana kalsiamu nyingi. Mwaka 1998 kulichapishwa utafiti wa Marekani uliowapa wanawake miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kufikia mzunguko wa tatu dalili zao za kabla ya hedhi, kuvimba kukiwemo, zilikuwa zimepungua kwa karibu nusu, na waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungukiwa kwa asilimia 30.

Lakini nikipewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu kwako, ningebadilisha zile saa 11 za kukaa. Utumbo uliolegea unasaidiwa na miguu. Kila ukimaliza nguo moja, simama, zunguka nyumba, peleka mwenyewe vitambaa badala ya kumtuma kijana. Jioni shuka kwenye bodaboda mapema utembee dakika 20. Kwa yale maumivu ya siku ya kwanza, chupa ya maji ya moto juu ya tumbo inatuliza, na aibuprofeni ukiimeza baada ya kula inazipunguza zile prostaglandini zenyewe, mradi huna vidonda vya tumbo na una hakika huna mimba.

Haya, tumbo la pili.

Uliandika "sijui kama hili linahusu" na ukaliweka mwishoni. Ndilo lililoninyima usingizi. Damu iliyozidi tangu mwezi wa 4, mabonge, pedi ya saa moja na nusu, kuamka kukojoa, tumbo lisilorudi wakati mikono na mapaja hayajaongezeka. Mtu akinenepa, kwa kawaida hanenepi chini ya kitovu peke yake. Na huo udongo wa pemba, mwanangu, huenda ni ishara kwamba mwili umepungukiwa madini ya chuma. Hamu hiyo huwapata sana watu waliopungukiwa damu, nawe damu unaipoteza kila mwezi.

Barua haipimi mtu, kwa hiyo sitasema una ugonjwa gani. Nitasema ninachotaka kiangaliwe kwanza: uvimbe kwenye kizazi, ule unaoitwa fibroidi. Ukikaa mbele unakandamiza kibofu, ndiyo mikojo ya usiku. Ukikaa nyuma unakandamiza njia ya haja kubwa, na ukichomoza kwenye uwazi wa kizazi damu inazidi na mimba inaweza kupata shida kushika. Usitetemeke kwa kusikia jina. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wanakuwa nao wakifika miaka 50, na wengi hawajui. Si saratani, na ni nadra mno kukuta saratani ndani yake. Nimewazalisha wanawake wengi waliokuwa nao. Inawezekana pia ni kifuko cha maji kwenye ovari au jambo jingine, ndiyo maana tunapima hatukisii.

Kwanza pima mimba kwa mkojo, hata kama damu ilitoka. Kisha nenda hospitali yenye daktari wa akina mama, uombe ultrasaundi ya nyonga. Nenda siku mbili tatu baada ya damu kukauka, kwa sababu baada ya yai kutoka kile kifuko nilichokueleza kinaweza kuonekana kwenye picha kama uvimbe na kukutia hofu ya bure. Kama inapimwa kwa juu ya tumbo utaambiwa unywe maji na uzuie mkojo. Upimwe pia wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu. Vidonge vya chuma usianze kwa kukisia, vinafunga choo. Wakikuta uvimbe, usiondoke bila kujua idadi yake, sentimita ngapi, na umekaa upande gani. Mtu akikuambia siku hiyohiyo kizazi kitolewe, mwambie bado unataka kuzaa na unaomba maoni ya daktari wa pili, kwa sababu ziko dawa za kupunguza damu na uko upasuaji wa kutoa uvimbe kizazi kikabaki. Na mume wako aende nawe. Mkiwa mmetafuta mwaka mzima bila mimba, wote wawili mnapaswa kupimwa, naye mbegu zake zipimwe, hata kama tayari ana mtoto.

Usingoje tarehe hiyo ikiwa utaanza kulowesha pedi kila saa, au kizunguzungu, au moyo kwenda mbio ukipanda ngazi. Hiyo ni ya kwenda siku hiyohiyo.

Wengine mnaosoma juu ya bega la Fundi, nina maneno mawili kwenu. Uliyekosa siku zako halafu ukapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, au begani, na macho kuona giza, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Usilale, kimbia hospitali. Na wewe uliyevuka miaka 50, ambaye tumbo limejaa wiki baada ya wiki, kula kidogo unashiba, mkojo kila mara: usikubali kupewa dawa ya gesi ukarudishwa nyumbani. Saratani ya ovari inaanza kwa upole hivyohivyo. Omba kipimo.

Nirudi kwa mama mkwe, maana nimeona ndiko machozi yako yalipo. Usimweleze wewe. Mume wako amwambie, jioni, wakiwa wawili: "Mama, mke wangu ana shida ya tumbo, tunakwenda kupima. Likijaa si mimba. Siku ikiwa mimba, utakuwa wa kwanza kuambiwa." Mama anayeleta kanga kabla ya wakati ni mama anayetamani kuwa na kazi ya kufanya. Mpe kazi: akae na binti yako siku mtakayokwenda hospitali.

Tepu usiivue. Chukua daftari la vipimo vya wateja, fungua ukurasa wako. Pima asubuhi ukishakojoa, kabla ya chai, palepale vidole viwili chini ya kitovu, na pembeni uandike siku ya mzunguko, choo, na idadi ya pedi. Uende nalo kwa daktari. Nami ukishapata majibu niandikie namba mbili tu: sentimita za uvimbe, kama upo, na wingi wa damu.

Mama Mkunga